Mtoto anapikicha macho usiku kucha, weupe umekua rangi ya chai. Wadau wa Dodoma nisaidieni

MamaWawili_Nzuguni:

Wakuu habarini za jioni. Leo naomba msinijibu kwa utani maana nina usingizi wa siku nne na hasira juu.

Kijana wangu ana miaka 7. Tulihamia Dodoma 2022 tukitokea Tanga, baba yake alihamishiwa kazi huku Mtumba, na tangu tufike kila mwaka ikifika mwezi wa sita wa saba upepo ukianza na lile vumbi basi macho ya huyu mtoto ni kesi. Yanamwasha, tena sio kuwasha kwa kawaida, anapikicha kwa ngumi, anapikicha kwenye mto, anapikicha na ncha ya shuka huku kalala mpaka nasikia mlio wa jicho kabisa. Asubuhi anaamka na ute mweupe, ukiushika unavutika kama mlenda (wa huku mnanielewa), unatoka uzi mzima. Ule weupe wa jicho sio mweupe tena umekua kama maji ya chai, na pembeni ya ule weusi kuna kitu kimevimba kimezunguka kama jeli hivi, kina vidoa vidogo vyeupe. Juani hawezi kufumbua, anatembea kainamisha kichwa kama mtu kapoteza hela.

Shule wameshamrudisha nyumbani mara mbili, mwalimu anasema ni yale macho mekundu ya Januari 2024 yaliyosambaa nchi nzima ataambukiza wenzie. Mbona mdogo wake wanalala kitanda kimoja hajawahi kuumwa hata siku moja?

Sasa dawa. Duka la dawa walinipa kloramfenikoli, wapi. Wakanipa gentamaisini, wapi. Mara ya tatu wakanipa ile yenye vitu viwili ndani imeandikwa Dexa na jina lingine mbele, wakuu siku ya pili macho yakawa meupe peee nikashukuru Mungu, nikiacha wiki mbili zinarudi tena. Nimenunua vichupa sita tangu mwaka jana, elfu tatu elfu tatu. Mama mkwe anasema ni vikope, jirani anasema nikamulie maziwa ya mama. Mimi nataka kujua tu hii ni nini na nini kinatibu ikaisha.

Nawasilisha.

Jembe_la_Kizota:

Pole dada. Chemsha majani ya mwarobaini, yapoe, mnawishe asubuhi na jioni. Bibi yangu katibu ukoo mzima hivyo na sisi wote tunaona mpaka leo.

tonemoja:

@Jembe_la_Kizota kaka mwarobaini uko mingi Dodoma ndo maana kila ugonjwa tunauangalia kwa mwarobaini. Yale maji hayana kipimo wala hayajasafishwa vijidudu, na jicho la huyu mtoto tayari limekwaruzika kwa kupikichwa. Utamwongezea kidonda. Na maziwa ya mama hivyo hivyo, Januari 2024 watu waliweka chai ya rangi, wengine mikojo, jaman mikojo!, tukawapokea kliniki macho yameungua.

Mama naomba nikujibu kwa urefu kidogo, mimi ni nesi nafanya kazi kitengo cha macho, sio daktari na jicho la mwanao sijaliona kwahiyo chukua kama maelekezo ya kukufikisha sehemu sahihi.

Ulivyoeleza wewe ungekua mwanafunzi ningekupa alama zote. Kuwasha ndo neno kubwa hapo. Jicho lenye bakteria linauma, linachoma, linatoa usaha wa njano au kijani, kope zinagandana asubuhi. Jicho la kirusi kama lile la 2024 linaanza jicho moja linahamia la pili, linatoa majimaji, nyumba nzima inapata, na kwa kawaida linapona lenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Jicho la aleji linaWASHA, macho yote mawili, kila msimu, na haliambukizi mtu, ndo maana mdogo wake anadunda tu. Na kwa mtoto wa kiume wa umri huo, sehemu kavu yenye joto na vumbi kama hapa kwetu, ute wa kuvutika, weupe kuwa kahawia, na ile jeli pembeni ya weusi yenye vidoa, kuna aina moja ya aleji ya macho inaitwa VKC ndo tunaifikiria kwanza. Wavulana wanaipata kuliko wasichana, inaanza kabla ya miaka 10 mara nyingi, na wengi inawaachia wenyewe wakishabalehe au wakikaribia miaka 20. Najua hutaki kusikia "subiri akue", ila nakwambia ili ujue hakuna tone litakaloing'oa moja kwa moja, kazi ni kuituliza mpaka imwachie bila kuharibu jicho njiani. Watu wanazunguka maduka yote Majengo mpaka Sabasaba wakitafuta dawa ya kumaliza, hapo ndo wanapoumia.

Swali langu, mtoto alikua na pumu ya kifua, au pumu ya ngozi akiwa mdogo, au yale mafua ya kupiga chafya asubuhi? Hivyo vitu ni ndugu.

Sasa hiyo yenye Dexa. Ndani yake kuna deksamethasoni, ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Inafanya kazi kweli sikatai, hakuna inayotuliza jicho haraka kama hiyo na hata sisi hospitali tunazitumia aleji ikiwa kali. Ila tunampa mtu kwa siku kadhaa au wiki chache, tunapunguza taratibu, huku tunapima presha ya jicho. Kawaida presha ya jicho iko kati ya 10 na 21, ukimdondoshea mtu steroidi wiki kadhaa kuna wengine inapanda, kama mtu mmoja kati ya watatu hivi, na wachache inapanda sana, na watoto inaweza ikapanda haraka kuliko wakubwa. Haiumi. Jicho linaonekana jeupe zuri kumbe mshipa wa kuona unakufa taratibu ndani. Na huo ukishakufa haurudi. Kingine ni mtoto wa jicho, tumeshafanyia upasuaji vijana wa sekondari wenye mtoto wa jicho kama wazee wa miaka 70 kisa matone ya dukani.

Vichupa sita ni vingi mama. Usimtishe mtoto, ila wiki hii peleka akapimwe presha. Nenda na vile vichupa vyote.

Mengine nitaandika baadae niko zamu.

Kopeyachini:

Mimi niweke ushahidi hapo kwa nesi. Nina miaka 26, nilikua hivyo hivyo nikiwa darasa la tatu kule Bahi, mama akawa ananunua hiyo hiyo, ikiisha ananituma mwenyewe dukani na kichupa kitupu nawaonyesha wananipa kingine. Miaka mitatu. Aleji imeshaniacha zamani, sasa hivi jicho la kushoto naona kama nachungulia kwenye bomba, katikati tu, pembeni giza. Nilikuja kujua nikiwa kidato cha tano nilipogongana na mtu aliyetokea kushoto sikumuona kabisa. Daktari akaniuliza ulitumia dawa gani utotoni nikamwambia akanyamaza kidogo akaandika. Natumia matone ya presha kila usiku mpaka nife.

Simlaumu mama. Alikua ananiona sipikichi tena anafurahi.

MamaWawili_Nzuguni:

Jamani nimesoma hapo juu mikono inatetemeka. @Kopeyachini pole sana mdogo wangu.

@tonemoja ndio, pumu ya ngozi alikua nayo mpaka ana miaka miwili, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Chafya kila asubuhi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hayo.

Mzee_wa_Mlali:

Mbukwenyi. Mimi nipo wilaya ya Kongwa, nimezaliwa huku, nina miaka 68 mjukuu ndiye ananiandikia haya, akikosea msinicheke.

Huyo mama mkwe msimdharau. Sisi huku vikope tumevijua. Miaka ya 80 watafiti walikuja hapa Kongwa wakawa wanageuza kope za watoto kijiji kwa kijiji, baadae zikaja zile dawa za Zithromax, wanampima mtoto urefu kwa fimbo ndipo wanajua wampe kiasi gani. Vikope ni bakteria, vinaletwa na inzi na nyuso zisizonawishwa, mikono, kitambaa kimoja nyumba nzima. Maji yalikuwa mbali, ndoo moja ni ya kupika na kunywa, uso wa mtoto nani ataukumbuka, halafu ng'ombe wapo hapo mlangoni na inzi wao. Ubaya wa vikope hauonekani utotoni. Mtoto anaumwa anapona anaumwa anapona, ndani ya kope la juu kunajaa makovu, akifika utu uzima kope linajikunja ndani, zile nywele zinakwaruza kioo cha jicho kila akipepesa. Mama yangu mzazi alikuwa na kibanio chake cha kung'olea kope, anakaa mlangoni asubuhi penye mwanga anang'oa moja moja. Amekufa haoni.

Kwa hiyo bibi akiona mtoto wa Dodoma ana macho mabaya lazima aseme vikope, ndicho alichokiona. Lakini mwanangu, vikope havina msimu wa kuanza na upepo, na kuwasha kwa namna hiyo ulivyosema siyo kwake. Na usikubali mtu akuambie kwa kutazama tu. Lazima kope la juu ligeuzwe.

tonemoja:

Shikamoo mzee. Umenifundishia somo lote. Niongeze tu kwamba hata aleji hii inaota vitu ndani ya kope la juu, vikubwa vimepangana kama kokoto, na ndo maana mtu asiye na uzoefu anaweza akachanganya na vikope.

Haya mama naendelea, nimetoka zamu.

Cha kwanza cha kumkataza ni kupikicha na najua ni rahisi kusema. Akipikicha zile seli za aleji zinapasuka zinamwaga kemikali zaidi, inawasha zaidi, anapikicha zaidi. Akipikicha miaka na miaka kioo cha mbele cha jicho kinakuwa chembamba kinachongoka kama pia, hiyo inaitwa keratokonasi, kila baada ya miezi anabadilishiwa miwani na bado haoni vizuri. Kwahiyo ukimuona mkono unaenda jichoni usimpige kofi, mpe kitambaa safi umelowesha maji ya baridi akigandamize juu ya macho yaliyofumbwa dakika tano kumi. Maji ya kwenye jagi la friji yanatosha. Baridi inatuliza kuwasha kuliko watu wanavyoamini, na ni bure.

Akirudi shule anawe uso na kope kwa maji safi kabla ya chochote, abadilishe shati, foronya ibadilishwe mara kwa mara, chumba anacholala ukipige deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia (ukifagia unalihamisha vumbi kutoka chini kwenda machoni tu). Nje avae kofia yenye ukingo na miwani ya jua iliyoziba pembeni. Najua Nzuguni barabara za mitaani na magari ya kokoto yanayopita huko ni shida, hulimalizi vumbi la Dodoma, unalipunguza.

Dawa zenyewe zipo za aina mbili tatu. Kuna za kuzuia, kwa mfano kromoglikati, hiyo ni mara 4 kwa siku na inahitaji wiki kadhaa ndo uone kazi yake, watu wanaitupa siku ya tatu wanasema feki. Uzuri ni kwamba unaweza kuianza kabla ya upepo, mwezi wa tano hivi, na kuendelea nayo msimu mzima. Kuna zinazozuia na kutuliza kwa pamoja, olopatadini au ketotifeni, hizi mara 2 kwa siku, bei imechangamka kidogo ila kuwasha kunapungua mapema. Vidonge au sirapu ya aleji kama setirizini vinasaidia usiku asikeshe, na hizo chafya, ila jicho peke yake havilimudu. Aleji ikiwa kali ndo daktari anaingiza steroidi kwa muda kisha anaitoa, au kama kila akiitoa inarudi anampa saiklosporini ya matone, ambayo haipandishi presha. Antibayotiki kama gentamaisini haina kazi kwenye aleji labda kuwe na kidonda.

Akidondoshewa kichupa kisiguse kope, tone moja linatosha, dawa mbili tofauti achanisha dakika tano. Kikishafunguliwa kichupa zaidi ya wiki nne tupa hata kama kimebaki nusu.

Na usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo ukiona doa jeupe juu ya ule weusi, au analalamika maumivu badala ya kuwasha, au haoni vizuri, au anashindwa kabisa kufumbua jicho. Aleji hii inaweza kuchimba kidonda juu ya kioo cha jicho na kidonda kikipona kinaacha kovu.

Mjini hapo una hospitali ya Benjamin Mkapa na ile ya rufaa ya mkoa, na walioko upande wa Chamwino hospitali ya Mvumi wana huduma ya macho ya siku nyingi.

DukaLaKona:

Ngoja na mimi niseme maana naona tunasemwa. Nauza duka la dawa, sitaji wapi. Dada, mteja anakuja na kichupa kitupu anasema nataka kama hiki. Nikimwambia hiki ni cha cheti nenda hospitali ananiambia hospitali foleni kutwa nzima na mimi nina genge, nikikataa anavuka barabara duka la pili anapewa, kesho hata panadoli haji kununua kwangu. Sisemi ni sahihi. Nasema tu sio kwamba hatujui.

Tangu nisome ya huyo kijana wa Bahi nimezitoa kwenye shelfu la mbele. Akija mtu ntamuuliza ametumia vingapi.

Kopeyachini:

@DukaLaKona asante kwa kusema ukweli. Muulize na umri pia.

Jembe_la_Kizota:

Mimi nafuta kauli ya mwarobaini. Ila bibi yangu bado anaona lol

MamaWawili_Nzuguni:

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekaa siku nane kimya.

Tulienda Jumanne, tumetoka saa kumi na moja alfajiri tumerudi saa nane mchana. Mtoto wakamgeuza kope, daktari akaniita nione mwenyewe, kweli yamepangana kama kokoto za barabarani nikasikia mwili kusisimka. Sio vikope, ni hiyo hiyo VKC. Presha jicho la kulia 17 la kushoto 19, nikakaa kwenye benchi la nje nikalia kidogo, mtoto ananiuliza mama na wewe yanakuwasha?

Doa hakuna. Mtoto wa jicho bado hakuna. Wamempa steroidi nyepesi wiki mbili ya kupunguza kwa ratiba, na kromoglikati mara 4 ya kuendelea nayo, na sirapu ya usiku. Tunarudi baada ya hizo wiki mbili wapime presha tena. Vile vichupa sita daktari alivipanga mezani akaviangalia hakusema kitu, alivichukua tu.

Mama mkwe nimempigia nikamweleza alivyosema mzee wa Kongwa, akasema "basi huyo mzee anajua", kesi imeisha.

Sasa kuna hili. Mtoto ana kofia na miwani anavijivunia kweli, jana mwalimu wa zamu kamvua vyote mstarini anasema sio sare na miwani ya jua ni uhuni. Karudi macho yamevimba. Na ile dawa ya saa sita mchana nani atamdondoshea?

Chaki_Nyeupe:

Mimi mwalimu wa msingi, sio shule hiyo. Mama usiende kugombana na mwalimu wa zamu, yule anatekeleza alichoambiwa. Nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na karatasi ya hospitali iliyogongwa mhuri, iandikwe wazi kwamba haiambukizi na kwamba kofia na miwani ni sehemu ya matibabu. Toa kopi mbili, moja ya ofisini moja ya mwalimu wa darasa. Omba akae mbali na dirisha na mlango. Na zile zamu za kufagia uwanja asubuhi, hizo ndo zinamuua huyo mtoto, muombee apewe kazi nyingine, kumwagilia miti kwa mfano.

Dawa ya saa sita muulize kwanza nesi kama inaweza kupangwa kwa saa za nyumbani. Shule zetu za darasa moja watoto tisini usitegemee mwalimu akumbuke tone.

tonemoja:

Inawezekana. Kabla hajatoka asubuhi, akirudi mchana, magharibi, na kabla ya kulala. Sio lazima zipishane masaa sawasawa.

MamaWawili_Nzuguni:

Anatoka saa nane na nusu. Itawezekana. Kesho asubuhi naenda kwa mwalimu mkuu, kopi nimetoa tatu.